Sentensi Aliyoifuta Wendell

Wendell Kuiper alikuwa mtu wa huruma, na huruma ndiyo iliyomponza. Ingekuwa imemponza yeye peke yake, wala nisingepoteza muda kuisimulia habari hii. Wendell alikuwa na miaka sitini na moja, profesa kamili, na hakuna mtu chuoni aliyeweza kumgusa hata kwa kidole. Aliyeumia ni Signe Tollefson.

Signe alikuwa mwalimu katika idara ya jiolojia, na Wendell ndiye mkuu wa idara hiyo, kwenye chuo kikuu kimoja cha kaskazini mwa Iowa, katika mji ambao bila chuo ungekuwa mahindi matupu kutoka mwanzo hadi mwisho. Kazi ya Signe ilikuwa matope. Wakati wa baridi, maziwa yakishaganda, alikwenda na mabomba marefu akatoboa barafu, akavuta matope ya chini kabisa, akarudi nayo kuyasoma tabaka kwa tabaka ajue miaka ya mvua na miaka ya ukame tangu enzi za kale. Wanafunzi walimwita Profesa Matope. Jina lenyewe alilipenda, akalibandika mlangoni kwake.

Sasa, vyuo vya huko vina mtindo ambao wenyewe wameuzoea, lakini ukiutazama vizuri ni wa kikatili. Mwalimu mpya anapewa miaka sita. Ikifika ya sita, linaandaliwa jalada lake: kila alichoandika, kila darasa alilofundisha, na wanafunzi walisemaje. Jalada linapelekwa kwa wasomi sita wa vyuo vingine, waandike kwa siri kama mtu huyu anafaa. Halafu wenzake wa idara wanapiga kura, halafu kamati ya kitivo, halafu wakubwa. Akipita, anapanda cheo na kazi inakuwa ya maisha. Asipopita, hakuna kubaki alipo wala kujaribu tena mwakani. Anamalizia mwaka mmoja, anafunga virago.

Wendell alikwishaandaa majalada manne ya namna hiyo na yote yalipita. Alikuwa na fahari nayo, ile fahari ya mtu mpole ambaye hasemi lakini anatamani aulizwe. La Signe lilikuwa la tano.

Lakini la Signe lilikuwa na jambo lake. Katika mwaka wake wa tatu alijifungua mtoto wa kike, wakamwita Liv. Moyo wa Liv haukuumbika sawasawa. Aliishi wiki kumi na moja, karibu zote hospitalini, akiwa na mirija kila mahali, na siku aliyokufa nje kulikuwa na theluji hadi magotini. Idara nzima ilikwenda mazishini. Watu wakapeleka mabakuli ya viazi na jibini, kama desturi ya kule, mpaka friji ya Signe na mumewe Joel ikakataa kufunga.

Chuo kilimwongezea Signe mwaka mmoja. Badala ya kupimwa mwaka wa sita, apimwe wa saba, na ule mmoja uhesabiwe kama haukuwapo. Ili uhesabiwe hivyo, barua inayokwenda kwa wale wasomi sita huwa na sentensi moja iliyoandikwa tayari na ofisi kuu: mwenzetu aliongezewa mwaka kwa mujibu wa kanuni, tafadhali mpimeni kama mtu wa miaka sita kazini. Haitaji sababu. Haitaji mtoto.

Mwezi Mei, barua zikiwa karibu kutumwa, Signe aliingia ofisini kwa Wendell na nakala ya barua hiyo mkononi.

"Hii itoe," alisema, akaweka kidole juu ya ile sentensi.

"Ah, hiyo ni ya kawaida tu, Signe. Haisemi kitu."

"Inasema kila kitu, bwana! Mwanamke wa umri wangu, kaongezewa mwaka. Nani asiyejua hesabu hiyo?"

"Basi si ndiyo vizuri? Watakuelewa."

"Sitaki wanielewe. Nataka wasome kazi yangu." Akaiweka nakala mezani. "Najua watakavyoandika. 'Ukizingatia yaliyompata maskini, amejitahidi.' Sitaki kuambiwa nimejitahidi, Wendell. Na sitaki mtu hata mmoja amgeuze mwanangu kuwa udhuru."

Wendell akavua miwani, akaifuta, ingawa haikuwa na uchafu. "Na wasipojua? Wataona miaka saba. Watauliza kwa nini kuna pengo."

"Watu wa matope duniani hatufiki hata mia tatu. Wote wanajua. Nilipata kadi za pole mpaka kutoka Finland." Akatabasamu kidogo, tabasamu la kumwomba mtu akubali. "Nakuomba. Sijawahi kukuomba kitu."

Ni kweli hakuwahi. Na Wendell alikuwa ameliona lile jeneza, lilivyokuwa dogo, Joel akilibeba mwenyewe kama anayebeba sanduku la vyombo. Moyo ukamlegea.

"Niandikie barua pepe basi," alisema. "Iwepo tu, kwa kumbukumbu."

Signe aliiandika kabla hajafika ofisini kwake, kwenye simu, akiwa ngazini. Mistari miwili: nakuomba usiutaje mwaka wa nyongeza, huu ni uamuzi wangu mwenyewe, ahsante kwa wema wako.

Dolores Pruitt, karani wa idara kwa miaka ishirini na saba, ambaye wakuu wa idara walikuja na kuondoka na yeye yupo, alikataa kuigusa ile barua.

"Mzee, hiyo sentensi si yako wala si yake. Ni ya chuo."

"Ameomba mwenyewe, Dolores."

"Mtu akikuomba umfungulie mlango gari likiwa mwendoni, utamfungulia?"

"Amefiwa na mtoto."

"Ndiyo maana nasema. Aliyefiwa haulizwi anataka nini siku zote. Mara nyingine anashikwa mkono, basi."

Wendell akacheka, akamwita mkorofi. Halafu akaketi mwenyewe kwenye kompyuta, akaifuta sentensi kwa mkono wake, akazituma barua zote sita. Akatoka kwenda kula chakula cha mchana akijiona ametenda la maana.

Majibu yalianza kurudi Septemba. La kwanza lilikuwa zuri. La pili zuri zaidi. La tatu na la nne yalitoka kwa watu waliomjua Signe vizuri, na ingawa hawakutaja lolote, ulisikia upendo ndani yake. Wendell akaanza kupiga mluzi kwenye korido. Kisha ikaja barua ya tano, kutoka kwa bwana mmoja wa chuo kikubwa cha pwani ya magharibi, msomi wa kuogopwa, ambaye hakuwahi kumwona Signe kwa macho. Kanuni zenyewe zinadai wawemo watu kama hao, wasiomjua mtu, ili wasipendelee. Yeye hakutuma kadi, kwa sababu hakuna aliyempa habari.

Wendell aliisoma akiwa amesimama. Alipofika katikati akakaa.

Bwana yule hakuwa na ubaya. Alisifu makala za mwanzo, akasifu za mwisho. Lakini alihesabu. Kwa miaka saba, aliandika, kazi hii ni chache. Mwaka wa tatu na wa nne hakuna kitu kabisa, inaelekea Dkt. Tollefson alipoteza hamu na kazi, na mtu aliyeipoteza mara moja anaweza kuipoteza tena. Mwishoni akajibu lile swali ambalo barua zote hizo lazima zijibu, kama mtu huyu angepita kwenye chuo chake yeye. Kwetu, aliandika, asingepita.

Ya sita ilikuwa fupi, na ilisema yale yale kwa maneno ya adabu zaidi.

Barua zikishapokelewa hazirudishwi, hazirekebishwi, wala mwenye jalada haruhusiwi kuziona. Wendell alibaki na mahali pamoja tu pa kupenyeza ukweli, barua yake mwenyewe kama mkuu wa idara, na huo ukweli alikuwa ameahidi hatausema.

Alimkuta Signe kwenye chumba cha baridi yanamohifadhiwa matope, kavaa koti zito na kofia ya sufu, anapasua bomba la matope katikati kwa waya.

"Signe, niruhusu niutaje ule mwaka. Kwenye barua yangu tu."

Waya ukasimama. "Kwa nini?"

"Niruhusu tu."

"Kuna mtu amesema kitu."

"Unajua siwezi kukwambia."

Signe alimtazama, mvuke ukimtoka mdomoni. Wendell hakuwahi kuwa na uso wa kuficha jambo. Hata kwenye karata mke wake alikuwa akimfilisi kila Jumapili. Signe akavua glavu moja, akajipangusa pua.

"Andika," alisema. "Andika unavyotaka."

Akaandika. Aliandika kurasa nne, nzuri kuliko zote alizowahi kuandika, akaeleza mwaka ule na mtoto yule na kila kitu. Lakini barua ya mkuu wa idara katika mambo haya ni kama sifa za mama mzazi. Kila mtu anajua atasema mwanawe ni mzuri. Idarani kura zilikuwa saba za ndiyo kwa nne za hapana, na hao wanne hawakumtazama Signe usoni tena, walianza kupita mlango wa nyuma. Kwenye kitivo wakakaa watu wa fizikia na wa kemia wasiojua matope ni nini, wakafanya wanachofanya watu wasiojua: wakatafuta barua ya mtu mwenye jina kubwa wakaisoma mara mbili. Februari jibu likaja kwamba hapana.

Signe alilipokea kwa utulivu uliomtisha Wendell kuliko kilio. "Nikate rufaa?" aliuliza tu, kama anayeuliza kama mvua itanyesha.

"Kata. Na mimi nitasema kosa ni langu. Nitasema mbele ya yeyote."

Hapo ndipo ningependa kukwambia kwamba ujasiri wake ulisaidia. Rufaa huko haisikilizi kama mtu anafaa au hafai. Inauliza swali moja tu, kama utaratibu ulivunjwa. Na utaratibu ulikuwa umevunjwa, Wendell mwenyewe ndiye aliyeuvunja. Kwa mara ya kwanza tangu Septemba alilala usingizi. Alimpigia simu hata yule bwana wa magharibi, jambo ambalo ni mwiko, akamweleza yote.

"Mungu wangu," alisema bwana yule. "Mbona hamkuniambia? Ningeandika barua nyingine kabisa. Nipe ruhusa niandike upya, hata leo."

Wendell akakusanya vielelezo vyote. Aliweka barua kama ilivyotoka ofisi kuu, ikiwa na sentensi. Aliweka barua kama ilivyotumwa, bila sentensi. Aliweka ombi la yule bwana la kuandika upya. Na ili asije mtu kudhani ilikuwa bahati mbaya ya kompyuta, ili wajue wazi kwamba iliondolewa kwa makusudi na nani aliiondoa, aliweka na ile barua pepe ya Signe. Dolores alimuuliza kama ana hakika na hiyo ya mwisho. Akasema ukweli lazima uwe kamili.

Aprili aliitwa na mkuu wa kitivo, Craig Vandersloot, mtu wa tai na maneno laini, ambaye hakuwa adui wa mtu. Craig alifunga mlango mwenyewe, na Wendell akajua.

"Wanasheria wamesoma," Craig alisema. "Wanakubali sentensi ilipaswa kuwemo."

"Enhe."

"Lakini haki ile ni ya mwombaji. Ikitolewa bila yeye kujua, chuo kimekosea. Yeye mwenyewe akiomba itolewe, kwa maandishi..." Akaisukuma karatasi juu ya meza. Ilikuwa ile mistari miwili. "Anasema uamuzi ni wake mwenyewe, Wendell. Ameandika hivyo hivyo."

"Mimi ndiye niliyemwambia aiandike!"

"Najua."

"Na mimi ndiye niliyewaletea! Msingeijua!"

"Najua, kaka. Wanasheria walishangaa pia. Waliniuliza upo upande gani."

Wendell aliuliza habari ya yule bwana aliyetaka kuandika upya. Craig akatikisa kichwa. Barua ni zile zilizokuja kwa wakati wake. Akauliza kama kuna mtu wa juu zaidi wa kumwona. Craig akasema huyo wa juu zaidi ndiye aliyetia sahihi asubuhi ile. Kisha akaongeza, kwa kudhani anafariji, kwamba Signe atapewa mwaka mzima wa kufundisha huku akitafuta pengine, mshahara kamili, ofisi yake ile ile.

Wendell akarudi kwa miguu. Theluji ilikuwa imeyeyuka na uwanja wa magari umekuwa tope tupu. Alijiambia maneno ya kumwambia Signe, na kila alipoyapanga yalianza na "nilitaka tu". Alijichukia. Miaka yote alijiona mtu mwema, na kumbe wema wake ulikuwa uvivu wa kusema hapana.

Signe alikuwa ofisini kwake anasahihisha mitihani. Wendell aliingia, akafunga mlango, akakaa kwenye kiti cha wanafunzi.

"Wamekataa na rufaa," Signe alisema kabla yake.

"Wamekataa."

Akamweleza yote. Hakujificha popote, alisema kuhusu barua pepe, jinsi alivyoipeleka kwa mkono wake mwenyewe. Signe alisikiliza, kalamu nyekundu bado iko vidoleni. Wendell alipomaliza, Signe hakumtukana. Wendell alitamani atukanwe.

"Zilisema nini?" Signe aliuliza. "Hizo barua za nje."

Miezi saba Wendell alikuwa ameitunza siri hiyo kwa ajili ya kanuni. Aliona aibu kwamba alikuwa bado ana hamu ya kuitunza.

"Mbili tu ndizo zilizoharibu. Moja hasa."

"Neno kwa neno, Wendell."

Aliijua kwa moyo. "'Mwaka wa tatu na wa nne hakuna kitu kabisa. Inaelekea Dkt. Tollefson alipoteza hamu na kazi.'"

"Hamu," Signe alisema.

"Hakujua. Nilizungumza naye. Hakuwa na habari hata kidogo."

"Nilirudi darasani wiki tatu baada ya kumzika. Maziwa yalikuwa bado yanatoka. Nilikuwa naweka pamba, nafundisha barafu ya zamani kwa watoto wa mwaka wa kwanza." Aliongea polepole, bila machozi. "Nilidhani wote wanajua."

"Ulitaka kumlinda. Kila mtu angeelewa. Ulikuwa unamlinda mwanao."

"Usinisemee." Aliiweka kalamu chini. "Nilimficha. Kulikuwa na karatasi moja tu katika kazi yangu yote ambamo ingejulikana kwamba alikuwepo, hata bila jina, na mimi nikaja kwako nikasema itoe. Nilijiambia ni kwa heshima yake. Uongo. Nilitaka kazi. Nilitaka wanipime kama mtu ambaye hakuna kilichomtokea." Akanyanyua macho. "Wakanipima hivyo hivyo."

Wendell akasema samahani. Akasema tena. Neno lenyewe lilikuwa dogo, na Signe hakulipokea wala hakulikataa. Alitazama saa ya ukutani, akakusanya mitihani, akaigonga mezani ikae sawa.

"Nina kipindi saa nane," alisema. "Na vingine mwaka mzima, si ndivyo? Nimeongezewa mwaka tena."

Akatoka, akauacha mlango wazi. Darasa lilikuwa chumba cha pili tu. Wendell alimsikia akiwaambia wanafunzi waweke simu zao, mmoja wao akatania kitu kuhusu matope na wengine wakacheka, na sauti ya Signe ikaanza somo kama siku zote, bila kukwama. Wendell alibaki kwenye kile kiti cha wanafunzi analia, na hakuna aliyekuja kumwambia nyamaza.